Kundi Huenda Mwendo wa Aliye Nyuma

Katika shule zetu, siku ya kufunga muhula ni siku ya wa kwanza. Huitwa mbele ya wenzake, hupigiwa makofi, hupewa kamusi au sahani, na jina lake husomwa kwa sauti ya juu ili hata wazazi walioketi chini ya mti walisikie. Wa pili na wa tatu nao hukumbukwa. Aliyekuwa wa arobaini na tano hatajwi, na akitajwa ni kwa aibu. Yeye mwenyewe huwa amekwisha kujua mahali pake, akasimama nyuma kabisa, karibu na ukuta, akingoja shughuli iishe. Sisi walimu tumeizoea desturi hii hata tunaiona kuwa sheria ya maumbile, kwamba penye watu wengi sharti wapangwe mstari, na kwamba thamani ya mstari iko kichwani pake.

Nia yangu leo ni kuipinga dhana hiyo, na ushahidi nitakaoutoa sikuutoa vitabuni. Niliupata juu ya tandiko la baiskeli, katika safari ya siku mbili kutoka Nyamira hadi Tabaka na kurudi, nikiwa mmoja wa watu 19: wanafunzi 14 na walimu 5. Wasomaji walio walimu huenda wakauliza baiskeli ina uhusiano gani na elimu. Nawaomba wanivumilie kwa kurasa hizi chache. Nionavyo mimi, safari ndefu ya kundi ni mojawapo ya madarasa machache yaliyosalia ambamo aliye nyuma ndiye hupimia wote mwendo.

Kwanza, tufahamiane kuhusu chombo chenyewe. Baiskeli ya milimani ni ndugu mdogo katika ukoo wa baiskeli. Ilizaliwa miaka ya 1970 huko California, Marekani, vijana walipozifunga baiskeli nzee matairi manene na breki imara ili wateremke nazo kwenye vijia vya milima. Mwaka 1996 mchezo huo ukaingia katika Michezo ya Olimpiki mjini Atlanta. Tofauti yake na baiskeli kubwa nyeusi tuliyoizoea, ile ambayo Wakenya wameipa jina la Black Mamba, ni gia. Black Mamba ina gia moja tu: mzunguko mmoja wa kanyagio huisukuma mbele zaidi ya mita 5, uwe tambarare au mlimani. Baiskeli ya milimani ikiwekwa katika gia yake nyepesi kabisa, mzunguko huohuo huisogeza chini ya mita 2. Mpandaji huzungusha miguu mara nyingi zaidi, lakini kila mzunguko huwa mwepesi. Ni hesabu ileile ya nyenzo tunayoifundisha katika somo la fizikia: ukipunguza nguvu, utaongeza umbali. Hakuna cha bure.

Pili, nchi yenyewe. Ajuaye Gusii anajua kwamba hakuna mahali tambarare pa kuweka yai. Ni vilima juu ya vilima, kila bonde lina kijito, na kila kijito kina mteremko wa kukishukia na mwinuko wa kukitokea. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Viktoria, lililo magharibi yake, liko mita 1,134. Kati ya viwango hivyo viwili ardhi haishuki kwa ngazi moja iliyonyooka. Hushuka ikipanda, hupanda ikishuka. Upande wa Nyamira kuna majani chai, na majabali ya Manga yamesimama kama ukuta. Kusini, pande za Mugirango Kusini iliko Tabaka, migomba huanza kuchanganyika na mashamba ya miwa. Mvua hunyesha karibu kila mwezi, na udongo mwekundu ukilowa huwa kama sabuni.

Kundi letu lilikuwa na kanuni nne, na wanafunzi ndio waliozisoma kwa sauti kabla ya kuondoka. Kwanza, kuna nahodha, naye hukaa mbele, hakuna ampitaye. Pili, kuna mchungaji, naye hukaa nyuma; hakuna asaliaye nyuma yake. Tatu, juu ya kila mlima nahodha husimama mpaka mchungaji afike. Nne, aliyefika wa kwanza haruhusiwi kuondoka mara tu wa mwisho anapofika, kwa kuwa aliyefika mwisho naye anahitaji kupumua. Kanuni hii ya nne ndiyo iliyoniingia zaidi. Mara ngapi sisi huwangojea wanyonge, na wakifika tu, tukiwa tumekwisha kupumzika, tunaanza safari na kuwaita wavivu kwa kuwa wao hawajapumzika?

Hapa inafaa nieleze jambo moja la kisayansi, kwani ndilo ufunguo wa hoja yangu. Kwenye barabara tambarare, adui mkubwa wa mwendesha baiskeli ni hewa. Nguvu ya kuipasua hewa huongezeka kwa kasi kuliko mwendo wenyewe: ukiongeza mwendo maradufu, kani ya upepo huwa mara nne. Ndiyo maana waendesha baiskeli wa mashindano hufuatana kwa karibu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2018 na wataalamu wa chuo kikuu cha Eindhoven, Uholanzi, ulionyesha kwamba aliye katikati ya msafara mkubwa hukabiliwa na asilimia 5 hadi 10 tu ya upinzani wa hewa ambao angeupata akiwa peke yake. Yaani katika tambarare, kundi humlipa kila mmoja wake papo kwa papo. Hata mwenye choyo hukaa katika kundi kwa faida yake mwenyewe.

Mlimani mambo hugeuka. Mwendo ukiwa wa kilomita 8 au 10 kwa saa, upepo si kitu. Anayekupinga ni uzito. Mtu na baiskeli yake wakiwa na kilo 75, kupanda mita 100 huhitaji jouli 73,500, na hakuna mtu wa mbele, hata awe bingwa wa dunia, awezaye kukupunguzia hata jouli moja kwa kukutangulia. Kila mtu hubeba mwili wake. Kwa hiyo mlimani mwenye nguvu hana faida yoyote ya kimwili katika kumngojea mnyonge. Akingojea, hangojei kwa sababu ya hesabu. Hungojea kwa sababu ameamua kwamba hawa ni wenzake. Milima ya Gusii, basi, ni mtihani mzuri kuliko tambarare: huonyesha ni kundi gani lililo kundi kweli, na ni lipi lililokuwa likifuatana kwa ajili ya kivuli cha upepo.

Mtihani wetu ulitufikia alasiri ya siku ya kwanza, tulipokuwa tumekwisha kupita Suneka. Kulikuwa na msichana wa kidato cha pili aliyekuja na Black Mamba ya nyumbani kwao, kwa sababu hakuna baiskeli nyingine aliyoweza kuipata. Chombo hicho kilikuwa na uzito wa kilo 20, gia moja, na juu yake begi la kilo 7. Tangu Nyamira alikuwa amevipanda vilima vyote, vingine akiendesha, vingine akisukuma, wala hakulalamika hata mara moja. Lakini kila mlima tulimngoja zaidi. Mara ya mwisho tulimngoja dakika 25. Upande wa ziwa wingu lilikuwa limekwisha kuwa jeusi, na sote tulijua kwamba mvua ikinyesha, njia ya mwisho ya kuingia Tabaka ingekuwa tope tupu.

Gari dogo la mizigo likasimama. Dereva, mtu mwema, alikuwa akienda upande uleule tuliokuwa tukienda. Mwalimu mwenzangu akapendekeza kwamba msichana na baiskeli yake wapakiwe garini, atungoje mbele. "Panda tu, binti yangu," alimwambia kwa upole, "hakuna aibu." Msichana akainamisha kichwa, akajibu, "Nitapanda mkisema nipande, mwalimu."

Tafakari jibu hilo, msomaji. Hakusema amechoka. Hakusema anataka. Aliurudisha uamuzi kwetu, kwa kuwa alijua kwamba swali lenyewe halikumhusu yeye bali sisi. Kabla mwalimu yeyote hajasema lolote, kijana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye siku nzima alikuwa akitangulia kufika juu ya kila kilima, aliuliza, "Mwalimu, huyu akiondoka, nani atakuwa wa mwisho?" Kukawa kimya. Akaendelea, "Maana lazima atakuwepo. Naye tukimpakia, atakuwepo mwingine."

Sijasikia katika mikutano ya walimu hoja iliyo fupi na nzito kama hiyo. Nyuma ya kundi haiishi. Mkia ukikatwa, mwingine huota. Ukimwondoa wa kumi na tisa, hukuondoa unyonge katika kundi. Umemfanya wa kumi na nane kuwa mnyonge mpya, na umemfundisha kuogopa. Tangu hapo hataendesha kwa furaha. Ataendesha akitazama nyuma, akiomba asalie mtu mmoja baina yake na lile gari.

Dereva alishukuriwa, akaenda zake. Vijana wakafanya mambo matatu. Begi la kilo 7 liligawanywa miongoni mwao, kitabu huku, sweta kule. Kwa kuwa msichana yule alikuwa na kilo 50 hivi, mzigo aliopunguziwa ulikuwa sehemu moja ya kumi na moja ya uzito wote aliokuwa akiupandisha mlimani. Na hii, kama nilivyoeleza, ndiyo njia pekee ya kumpunguzia mtu mlima. Kisha wakapanga zamu ya kubadilishana baiskeli, kila mwenye nguvu akiiendesha Black Mamba kilima kimoja. Mwisho, wakamweka msichana mbele, nyuma ya nahodha tu, na kundi zima likafuata mwendo wake. Hilo la mwisho ni ujuzi wa zamani wa waendesha baiskeli. Aliye dhaifu akiwekwa nyuma, huachwa, hukimbiza, hukata tamaa, akazidi kuwa dhaifu. Akiwekwa mbele, huenda mwendo wake sawasawa bila kukatika, na aghalabu huwa mwepesi kuliko alivyodhaniwa.

Sitaki kuipamba hadithi hii. Tulilipa gharama. Mvua ilitukuta njiani, tuliingia Tabaka baada ya saa kumi na mbili jioni tukiwa na matope hadi kwenye nywele, na ziara ya machimboni tuliyoipanga kwa alasiri hiyo haikufanyika. Tuliifanya asubuhi ya pili kwa haraka, na wanafunzi hawakupata nafasi ya kuchonga kama walivyotarajia. Wapo waliosikitika, nao walikuwa na haki. Kumngojea mwenzio si bure. Kama kungekuwa bure, kusingekuwa na sifa yoyote.

Hata hivyo, haraka yetu haikutuzuia kuona yaliyo muhimu Tabaka. Jina la mahali hapa limefika mbali kwa sababu ya jiwe la sabuni, ambalo ni laini kiasi kwamba kisu huliingia. Rangi zake ni nyingi: jeupe, la kijivu, la waridi, la hudhurungi. Mgeni akiona sanamu dukani Nairobi au ng'ambo hudhani imetengenezwa na mtu mmoja. La hasha. Kuna anayeshuka shimoni kulichimba jiwe, kazi ya hatari kwa kuwa kuta za mashimo huporomoka hasa wakati wa mvua. Kuna anayelibeba. Kuna anayelikata kwa msumeno na panga. Kuna anayelichonga umbo. Kisha huja wanaolisugua kwa msasa na maji, wengi wao wakiwa wanawake walioketi mbele ya nyumba zao na ndoo, mpaka jiwe ling'ae. Sanamu isiyosuguliwa haiuziki, hata ikichongwa na bingwa.

Tabaka na nchi ya Gusii kwa jumla imetoa mabingwa pia. Elkana Ong'esa ni mchongaji wa mawe haya ambaye sanamu yake ya ndege wa amani imefika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Jina lake lastahili kutajwa na kufundishwa. Lakini asubuhi ile, mbele ya wanawake wale wenye mikono iliyogeuka meupe kwa vumbi la jiwe, wanafunzi wetu waliona kwamba nyuma ya kila jina linalojulikana kuna safu ya watu wasiotajwa, na kwamba kazi husimama aliye mwisho wa safu hiyo akisimama. Wala hili si geni kwa watu wa Gusii. Wazee wao walikuwa na desturi ya risaga, majirani kukusanyika na kulima shamba la mmoja wao leo, na la mwingine kesho. Siku ya risaga haikuishia kwa mwenye jembe jepesi kumaliza mstari wake na kwenda zake nyumbani. Iliishia shamba lilipokwisha.

Najua pingamizi litakalotolewa, nalo si dogo. Patakuwepo mwalimu atakayesema: "Dunia ni mashindano. Ukimzoesha mwenye kipawa kungojea, utamzimia taa. Nani angemjua bingwa kama asingeachwa atangulie?" Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, na mashindano yana mahali pake. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alishinda Tour de France mara 4, yaani mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua 3 za mashindano hayo mwaka 2024 na kuvaa fulana ya kijani mpaka Nice. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Mwafrika yeyote aonaye hayo hufurahi, nami ni mmojawapo.

Lakini chunguza mabingwa hawa walivyoundwa. Froome alipokuwa kijana alijifunza mchezo huu kwa David Kinjah huko Mai-a-Ihii, Kikuyu, akizipanda na kuzishuka njia za vumbi pamoja na vijana wa kundi la Safari Simbaz. Hata katika Tour de France kwenyewe, anayevaa fulana ya manjano huwa amekingiwa upepo na kuletewa maji na wenzake wa timu kwa wiki tatu nzima. Na katika mbio za baiskeli za milimani ziitwazo Cape Epic, ambazo zimekuwa zikifanyika Afrika Kusini tangu mwaka 2004 na huchukua siku 8, washindani huwa wawili wawili. Kanuni yao ni kwamba wawili hao wasitengane kwa zaidi ya dakika 2, na muda wa timu huandikwa pale anapovuka mstari yule wa pili. Hapa tuna mashindano makali yenye mabingwa wa dunia, na bado saa husomwa kwa aliye nyuma.

Historia nayo ina fundisho. Mwaka 1897 Waitalia kadhaa waliendesha baiskeli kutoka Roma hadi Napoli, safari ya kilomita 230 hivi, baina ya macheo na machweo ya siku moja, wakaitwa majasiri. Mwaka 1904 Mfaransa Henri Desgrange akaanzisha nchini mwake safari za namna hiyo: kundi moja, nahodha wa barabarani, mwendo uliopangwa tangu awali, na nia ya kufika wote pamoja. Hapakuwa na mshindi. Desgrange ni nani? Ni yuleyule aliyeanzisha Tour de France mwaka 1903. Mtu mmoja, ndani ya mwaka mmoja tu, aliona haja ya mambo yote mawili: mbio za kumtafuta aliye bora, na safari za kufikisha wote. Kosa la shule zetu si kuwa na mbio. Kosa ni kwamba tumebaki na mbio peke yake.

Na kosa hilo lina wahanga. Kila mwalimu aliyefundisha madarasa ya mtihani anajua yafanywayo kimyakimya ili kuulinda wastani wa alama za shule. Mwanafunzi asiyetarajiwa kufaulu hushauriwa arudie darasa, au ahamie shule nyingine, au asajiliwe kufanyia mtihani mahali pengine ambapo alama zake hazitahesabiwa pamoja na za wenzake. Huambiwa kwa upole kwamba ni kwa faida yake na kwamba hakuna aibu. Hilo ndilo gari letu la mizigo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kwa jumla mwanafunzi kukaririshwa darasa au kufukuzwa shuleni, lakini sheria haiwezi kuona kila mazungumzo ya faragha baina ya mwalimu na mzazi mnyonge. Na swali la yule kijana wa kidato cha tatu linabaki palepale: huyu akiondoka, nani atakuwa wa mwisho? Shule inayopandisha wastani wake kwa kuwapunguza watu haijafundisha mtu yeyote chochote. Imekata mkia tu.

Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala wa umilisi unaendelea kushika nafasi ya ule wa 8-4-4. Katika orodha ya umilisi wa kimsingi unaotakiwa, mawasiliano na ushirikiano yametajwa. Ni jambo jema. Lakini ushirikiano haufundishwi kwa kuandikwa ubaoni, wala haupimwi kwa maswali ya kuchagua jibu. Unahitaji kazi ambayo haiwezi kwisha mpaka wote waimalize. Kwaya ni kazi ya namna hiyo. Mchezo wa kuigiza pia. Na safari ndefu ya baiskeli katika nchi ya milima ni mojawapo iliyo bora, kwa sababu ndani yake udhaifu hauwezi kufichwa, nguvu haiwezi kubebwa na mwingine, na uamuzi wa kungoja hufanywa waziwazi, mara ishirini kwa siku, juu ya kila kilima.

Sipendekezi mambo haya kwa upofu. Barabara zetu zinaua: katika kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024 zaidi ya watu 4,000 walipoteza maisha barabarani nchini Kenya. Hata wenye ujuzi mkubwa hupatikana. Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani na mmoja wa waendesha baiskeli waliopendwa sana nchini mwetu, alifariki Agosti 2022 kwa ajali katika mashindano ya njia za changarawe huko Vermont, Marekani. Kwa hiyo shule itakayotaka kufanya safari ya namna hii na iyatimize haya. Idhini ya mzazi iandikwe. Kila baiskeli ikaguliwe breki zake na fundi, za mbele na za nyuma, kwa kuwa mlimani kushuka ni hatari kuliko kupanda. Kila kichwa kiwe na kofia ngumu. Njia za vijijini zichaguliwe badala ya barabara kuu kila inapowezekana, na palipo na barabara kuu kundi ligawanywe katika vikundi vidogo vya watu 6 au 7 ili magari yapate kupita. Kuwe na pampu, viraka na gundi, na mtu ajuaye kuvitumia. Safari iishe kabla ya giza. Na gari la dharura liwepo, maana lazima tutofautishe baina ya mtu mgonjwa na mtu wa polepole. Mgonjwa apakiwe mara moja, bila mjadala. Wa polepole angojwe.

Neno moja zaidi kuhusu baiskeli na wasichana. Pikipiki zimeifukuza baiskeli katika kazi ya kubeba abiria, nami silii kwa hilo. Lakini si kila mzazi awezaye kulipa nauli ya pikipiki asubuhi na jioni. Utafiti uliofanywa vijijini Zambia, ambako wasichana walipewa baiskeli za kwendea shuleni, ulionyesha kwamba utoro ulipungua kwa asilimia 28 hivi, na muda wa njiani ukapungua kwa theluthi moja. Shule ikiwa na baiskeli kumi za kuazima, si safari ya kundi tu itakayowezekana. Msichana akaaye mbali atafika darasani kabla somo halijaanza, na siku ya safari hatalazimika kuja na chombo kizito kuliko vya wenzake wote kisha akahukumiwa kwa kuchelewa. Maana hilo nalo tusilisahau: aliye nyuma si lazima awe mvivu wala asiye na nguvu. Mara nyingi ni yule aliyepewa baiskeli nzito.

Kwenu ninyi wanafunzi, sisemi msishindane. Shindaneni katika mbio za uwanjani, katika hisabati, katika insha. Lakini kila mmoja wenu na ajiulize ni mlima upi ambao amewahi kumngojea mwenzake juu yake, na alipofika, kama alimpa nafasi ya kupumua. Kwenu walimu wenzangu, natoa ombi dogo. Muhula huu, siku ya kufunga shule, baada ya kumwita wa kwanza na kumpa zawadi yake, liulizeni darasa swali moja mbele ya wazazi: wangapi walianza mwaka pamoja nasi, na wangapi wamefika? Ikiwa hesabu mbili hizo ni sawa, lipigieni darasa zima makofi. Ikiwa si sawa, basi kabla ya kuusifu wastani wetu, tutafuteni kwanza tumewaacha wapi waliopungua.